Kufufua kinu cha zamani cha maji: anza na mfereji

Ukitaka kufufua kinu cha maji, yaani mashine ya kusaga kwa mawe inayozungushwa na maji, huku Rungwe, Makete au Mufindi, usianze na mawe wala paa. Anza na mfereji unaoleta maji, upime maji yake, tena mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, maji yakiwa yamepungua kabisa. Kipimo cha Machi kitakudanganya.

Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10. Pima upana na kina cha maji, achia kijiti, hesabu sekunde mpaka kifike mwisho. Rudia mara tano, chukua wastani. Tuseme upana ni sm 80, kina sm 30, na kijiti kimetumia sekunde 20. Eneo ni mita za mraba 0.24, mwendo mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.8, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Unapata lita 96 kwa sekunde. Zikianguka mita 3.5 zina nguvu ya kilowati 3.3 hivi, ila kwenye mawe zitafika kama 2. Nyingine huliwa na gurudumu, gia na beringi.

Gurudumu linalopokea maji kwa juu ndilo linalofaa miteremko yetu, maana linasukumwa na uzito wa maji. Lenye kipenyo cha mita 3 huzunguka kama mara 10 kwa dakika, ilhali jiwe la mita 1.2 linataka mizunguko 100 hivi, na hiyo ndiyo kazi ya gia. La mbao lisiachwe limesimama miezi: upande wa chini hunyonya maji na kulemea, na siku ya kulifungulia linakwenda kwa kushtuka mpaka meno ya gia yanavunjika.

Fremu ya mbao inayobeba mawe isiguse ukuta. Mafundi wa zamani waliisimamisha peke yake makusudi, mtikisiko usipasue nyumba. Ukiikuta imefungwa ukutani, ifungue kwanza.

Jiwe la juu laweza kukaribia tani moja. Linyanyue kwa winchi ya mnyororo. Jiwe la chini halizunguki, hivyo lilaze sawasawa kwa pimamaji. Chonga upya mifereji ya mawe yote mawili, ile mistari iliyochimbwa kwenye uso wa kusagia: kina kama milimita 6 karibu na tundu la katikati, ikipungua kuelekea ukingoni, ambako nafasi kati ya mawe inakaribia unene wa karatasi. Mahindi yasikome kuingia wakati mawe yanazunguka, la sivyo mawe yatagusana na kutoa cheche, na vumbi la unga hushika moto.

Kibali cha kutumia maji huombwa Bodi ya Maji ya Bonde: Tukuyu kwa Ziwa Nyasa, Mbeya kwa Ziwa Rukwa, Iringa kwa Rufiji.

Baada ya kuchonga, saga kilo chache za pumba na kuzitupa, zina chembe za jiwe. Kisha saga mahindi makavu na ushike unga unapotoka. Ukiwa wa moto, mawe yamebanana mno au yamekuwa butu. Inua jiwe la juu kidogo kabla ya kupunguza maji.