SOMO: Kuendesha jarida la mji wenu, kuanzia leseni hadi kibandani (mfano wa Dodoma)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna watu wengi humu wenye kamera nzuri, kalamu nzuri na mapenzi makubwa na mji wao, ila wakifika kwenye neno "jarida" wanakwama. Wengine wanatoa toleo moja linalopendeza, la pili haliji. Kwa kawaida chanzo si kipaji. Hesabu haikupigwa kabla ya kuchapa, au kurasa zilijazwa mambo ambayo msomaji wa Dodoma angeyapata popote. Jarida la mji hununuliwa na mtu anayemkuta jirani yake ndani, jina limeandikwa sawasawa, mtaa umetajwa, kazi yake imeelezwa kwa heshima. Hatua zote zilizo hapa chini zinalinda jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Amua jarida ni la nani. "Dodoma" pekee ni pana mno: kuna jiji lenyewe, na kuna Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Jarida la jiji likitaka kugusa wilaya zote kila toleo, litaishia kugusa kila kitu juu juu. Utaratibu unaofanya kazi ni kurasa nyingi za jiji (Majengo, Makole, Chang'ombe, Area C, Kikuyu, Nzuguni, Ihumwa na kwingineko), kisha wilaya moja inayopewa nafasi ya kutosha kila toleo.

Anzeni na matoleo manne kwa mwaka. Jarida la kila mwezi linahitaji mtu wa matangazo anayefanya kazi hiyo tu, na wengi hatuna.

Hatua ya 2: Karatasi za serikali

Usiruke hapa. Sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mfumo wao wa mtandaoni (uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa), pata TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, kisha leseni ya biashara ya halmashauri. Baada ya hapo ndipo leseni ya chapisho: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka kila chombo cha habari cha kuchapishwa kiwe na leseni ya Idara ya Habari (MAELEZO). Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, kwa hiyo waulizeni mapema nani kati yenu anatakiwa kuwa na kitambulisho. Kwa bahati nzuri, sisi wa Dodoma ofisi nyingi tunazo hapahapa.

Jina likishakataliwa kwa kufanana na lingine, nembo mliyomlipa mchoraji imekufa. Sajili jina kwanza, chora nembo baadaye.

Hatua ya 3: Hesabu kabla ya kuandika hata mstari mmoja

Huu ni mfano tu. Badilisheni tarakimu kwa bei mtakazopewa na wachapaji. Tuseme kurasa 36, nakala 600.

Uchapaji Sh 1,800,000. Usanifu wa kurasa Sh 300,000. Waandishi na wapiga picha Sh 500,000. Usafiri na usambazaji Sh 200,000. Jumla Sh 2,800,000.

Bei ya kibandani Sh 4,000. Mwenye kibanda anabaki na robo, yaani Sh 1,000, nyie mnapata Sh 3,000. Usihesabu kwamba zote 600 zitauzika. Nyingine zitatolewa bure kwa watangazaji na watu waliohojiwa, nyingine zitarudi. Weka 450. Hapo mna Sh 1,350,000, na pengo ni Sh 1,450,000.

Pengo hilo ni la matangazo, na lizibwe kabla kazi haijaenda kwa mchapaji. Jalada la nyuma Sh 400,000, ndani ya jalada la mbele Sh 300,000, kurasa nzima mbili kwa Sh 200,000 kila moja, na nusu kurasa nne kwa Sh 100,000. Jumla Sh 1,500,000, na zimetumia kurasa 6 tu kati ya 36. Kila tangazo liwe na oda iliyosainiwa na nusu ya malipo mkononi. Ahadi ya mdomo isiingie kwenye hesabu, hata ikitoka kwa rafiki.

Msimkimbilie mtangazaji mkubwa peke yake. Mwenye saluni ya Area D, fundi wa samani, mama mwenye mgahawa, muuza miche ya mizabibu: hawa wanatangaza tena na tena kwa sababu wateja wao ndio wasomaji wenu.

Hatua ya 4: Kalenda

Pangeni kurudi nyuma kutoka siku ya kuuza. Wiki 10 kabla: orodha ya habari. Wiki 6 kabla: picha zote zimepigwa. Wiki 4: maandishi yamehaririwa na matangazo yamefungwa. Wiki 3: kurasa zimepangwa. Wiki 2: kwa mchapaji. Mkichapa Dar es Salaam, acheni siku mbili tatu za ziada kwa usafirishaji, maana mzigo unaweza kuchelewa bila kosa la mtu.

Halafu fuateni misimu ya mji. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, hujaza hoteli na wageni. Toleo la msimu huo lina matangazo ya kutosha likiwahi kutoka mwishoni mwa Machi. Nanenane huleta watu Nzuguni mwanzoni mwa Agosti. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo habari ya shamba la Hombolo au Mpunguzi ipigwe picha msimu mmoja kabla, vichala vikiwa bado mtini. Ukingoja toleo lifike ndipo ukapige, utakuta mizabibu imekatwa na umebaki na picha za nguzo na waya.

Hatua ya 5: Habari, na hasa maelezo ya picha

Hapa ndipo jarida linapata heshima au linapoteza. Watu husoma maneno chini ya picha kabla ya habari yenyewe, na wengine hawasomi zaidi ya hapo.

Chukueni picha ya kikundi cha ngoma Chamwino. Maelezo mabovu: "Akina mama wakicheza ngoma ya asili." Hayana mtu wala mahali, na yangeweza kuwa ya mkoa wowote. Maelezo yanayofaa yanataja jina la kikundi na la kijiji, majina ya wanaoonekana kuanzia kushoto, kwamba ngoma wanazobana katikati ya miguu ni za muheme na kwa desturi ya Wagogo hupigwa na wanawake, na tukio lenyewe lilikuwa nini. Mpiga picha aandike hayo papo hapo, na kila anayetajwa aoneshwe jina lake kwenye daftari alisome mwenyewe. Jina lililokosewa mtu analikumbuka miaka mingi, na ukoo mzima hautanunua tena.

Maneno ya Cigogo, Kirangi au Kisandawe yapitiwe na mzungumzaji mwenyewe, ikiwezekana mtu mzima wa huko. Usikisie tahajia.

Kila toleo liwe na mchanganyiko: mtu mmoja na kazi yake kwa kurasa 4 au 6, chakula (mlenda na ugali wa uwele vina mengi ya kueleza kuhusu ardhi kavu yenye msimu mmoja wa mvua), jengo au mtaa na historia yake, biashara ndogo, kalenda ya matukio, na ukurasa wa wasomaji. Historia ya mji ni nene: reli ya Wajerumani ilifika hapa 1910, uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulikuwa 1973, hadhi ya jiji ilikuja 2018, SGR (treni ya reli mpya ya umeme) ilianza kubeba abiria hadi hapa 2024. Kuanzia 1973, kila moja ya miaka hiyo ina wazee au vijana wanaoikumbuka. Watafuteni wangali wapo.

Kuhusu mwanga: jua la Dodoma la mchana ni kali na linafuta macho ya mtu chini ya kofia. Pigeni kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Karatasi pia hunywa wino na kufanya picha kuwa nyeusi zaidi ya ilivyo kwenye skrini, kwa hiyo ngozi nyeusi ing'arishwe kidogo kwenye sehemu za kati (zisizo na mwanga mkali wala giza kabisa) kabla ya kutuma, la sivyo sura inapotea.

Hatua ya 6: Kupanga kurasa na kuchapa

Jarida la kubanwa kwa stepla lazima liwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Kurasa 36 ni karatasi 9 zilizokunjwa. Kabla ya kufungua kompyuta, kunjeni karatasi 9 tupu, zipachikeni, andikeni namba 1 hadi 36, kisha zitenganisheni. Mtaona karatasi ya nje imebeba ukurasa 1, 2, 35 na 36, na ya katikati kabisa 17, 18, 19 na 20. Kurasa za ndani zinazotazamana na kuchapwa pamoja upande mmoja ni 18 na 19 tu. Picha kubwa ya kurasa mbili iwekwe hapo. Mkiiweka 10 na 11, nusu yake iko karatasi nyingine, na ikihama milimita moja tu pua ya mtu inavunjika. Hapo msiweke uso kwenye mkunjo.

Vipimo vya kumpa mchapaji kwa A4: milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa, maandishi yakae angalau milimita 10 kutoka ukingoni, kwa sababu karatasi za katikati husogea nje zikikunjwa na hukatwa zaidi. Picha nukta 300 kwa inchi, yaani ukurasa mzima ni pikseli 2480 kwa 3508. Rangi ziwe CMYK (mfumo wa wino nne za mchapaji). Maandishi madogo yawe nyeusi tupu asilimia 100. Yakichanganywa rangi nne yatatoka na kivuli. Ndani gramu 90 hadi 115, jalada gramu 200 hadi 250.

Dai pruufu (nakala ya majaribio) ya karatasi na uisaini. Soma namba za simu za watangazaji moja moja kwa kuzipigia.

Hatua ya 7: Kusambaza

Vibanda vya magazeti, stendi ya Nanenane, hoteli, maduka karibu na UDOM, saluni. Weka nakala chache chache sehemu nyingi, na zisiachwe juani kwani jalada hupauka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kongwa: Mkuu, asante kwa somo. Sisi ni wadogo, nakala 100 tu. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana ndugu, ila tumia mashine ya kidijitali. Ofseti (uchapaji wa mashine kubwa) inahitaji pleti, yaani bati la kuchapia kurasa, na gharama ya pleti ni ileile ukichapa 100 au 1,000. Kila mchapaji akupe bei ya nakala 100, 300 na 500, uone inaposhuka.

Mwanachama wa Mpwapwa: Tukitoa la mtandaoni peke yake tunakwepa leseni?

Jibu: Hapana. Huduma ya habari mtandaoni iko chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, na leseni yake ni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano). Nenda kaulize kabla ya kuanza.

Mwanachama wa Ipagala: Shikamoo mwalimu. Picha za watu natumiwa WhatsApp, zikichapwa zina ukungu. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. WhatsApp huibana picha ya kawaida hadi takriban pikseli 1600 upande mrefu. Hiyo inatosha kama sentimita 13 kwenye karatasi. Waambie watume kama faili la hati, isibanwe.

Mwanachama wa Kondoa: Tunataka picha za michoro ya kale ya miambani ya Kolo. Kuna la kuzingatia?

Jibu: Ndiyo dada. Ni urithi wa dunia tangu 2006. Anzeni ofisi ya wasimamizi wa michoro palepale Kolo, elezeni kwamba picha ni za kuchapishwa. Msiguse mwamba, na msimwagie maji ili rangi ing'ae; hilo huharibu mchoro.

Mwanachama wa Kizota: Mtangazaji analipa vizuri lakini anataka awe kwenye jalada la mbele na habari yake isomeke kama habari.

Jibu: Muuzie kurasa mbili zenye neno TANGAZO juu, mwandikieni vizuri kabisa. Jalada la mbele haliuzwi. Msomaji akigundua limenunuliwa, atadhani na yule mama wa muheme alilipa.

Mwanachama wa Majengo: Vibanda vinachukua jarida, kulipa hawalipi.

Jibu: Tumia kitabu cha nakala mbili: tarehe, idadi, sahihi. Pita kila wiki 2, hesabu zilizobaki mbele yake, chukua pesa ya zilizouzwa papo hapo kwa simu au taslimu. Toleo jipya lisishuke kibandani kabla hesabu ya la zamani haijafungwa. Akishindwa mara mbili, ondoa zako zote umpe jirani yake.