SOMO: Kunuka mdomo – anza na ulimi na fizi kabla ya kulaumu tumbo

Habari zenu ndugu zangu. Wengi mmeniandikia faragha mkiomba somo hili, na karibu kila mmoja anaanza na maneno yaleyale: "Nimeshakunywa dawa za kusafisha tumbo, harufu haiishi." Naomba tuanzie hapohapo. Kwa watu wengi, kama wanane au tisa katika kila kumi, harufu inatoka kinywani kwenyewe. Koo la chakula muda mwingi limefunga, na hewa ya tumboni hupanda pale unapocheua. Dawa ya kuharisha itakumalizia hela na maji mwilini, harufu ibaki palepale.

Nyuma ya ulimi, katikati ya meno na chini ya ufizi mna bakteria wasiohitaji hewa. Wanakula mabaki ya nyama, samaki, maziwa, hata seli zilizokufa za kinywa, kisha wanatoa gesi zenye salfa. Moja ya gesi hizo ndiyo hiyohiyo ya yai viza. Mate ndiyo yanayowapunguza. Usingizini mate hupungua sana, kwa hiyo kila binadamu huamka na harufu, na huo si ugonjwa. Tatizo ni harufu inayoendelea baada ya kupiga mswaki na kula.

Hatua ya 1: Jipime

Kupulizia kiganja hakusaidii, pua imeshakuzoea. Chukua kijiko safi, kwangua taratibu nyuma kabisa ya ulimi. Utaona utando mweupe au wa njano. Subiri nusu dakika, unuse. Halafu pitisha uzi wa meno katikati ya magego, nao unuse. Kijiko kikinuka, kazi iko kwenye ulimi. Uzi ukinuka au ukitoka na damu, kazi iko kwenye fizi au jino bovu. Vyote vikiwa safi, muulize mtu mmoja unayemwamini akuambie ukweli, maana wapo wanaoteseka miaka wakiamini wananuka kumbe hawanuki.

Hatua ya 2: Safisha ulimi

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo penye nafuu ya haraka. Kila asubuhi na kila usiku, toa ulimi nje, weka kijiko au kikwangulio nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia, vuta kuja mbele, suuza, rudia mara nne au tano. Usikandamize mpaka ulimi uume. Kichefuchefu kikikusumbua, toa pumzi wakati unavuta. Kitapungua ukizoea.

Hatua ya 3: Meno na fizi

Mswaki laini, dakika mbili, mara mbili kwa siku, dawa yenye floraidi. Uzi wa meno usiku. Fizi zikitoa damu watu huacha kupiga mswaki sehemu hiyo, na hilo ni kosa kubwa: damu inatokana na ukoga uliokaa pale, ukiacha unazidi. Endelea polepole. Ukoga ukishaganda ukawa ugaga hautoki kwa mswaki wala kwa mti wowote, unakwanguliwa na daktari wa meno. Mwenye meno bandia ayavue usiku, ayasugue, ayaloweke kwenye maji safi.

Hatua ya 4: Rudisha mate

Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Sigara, ugoro, miraa na pombe hukausha kinywa. Baadhi ya dawa za mzio, za presha na za sonona nazo hukausha. Usiziache mwenyewe, zungumza na daktari wako. Hata dawa za kusukutua zenye kileo zinaweza kukausha, kwa hiyo soma chupa kabla ya kununua.

Hatua ya 5: Vya asili

Vinasaidia, ila baada ya hatua za juu.

Karafuu: tafuna punje moja polepole baada ya kula, teme makapi. Ina kiambato kinachopunguza bakteria na kutuliza maumivu. Mafuta yake yasiyochanganywa usipake, yanaunguza ufizi.

Mti wa mswaki: kata kipande cha shibiri moja, menya gome kiasi cha ncha ya kidole, tafuna mpaka nyuzi zifunguke. Sugua kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, si kukereza kushoto na kulia. Nyuzi zikichakaa, kata, menya upya. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake tangu 1986, na mimi naupenda kwa sababu unaleta mate kuliko kitu kingine chochote cha bei yake.

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, teme. Yanafaa fizi zilizovimba.

Iliki na nanaa hufunika harufu kwa muda tu. Harufu ya kitunguu saumu ni habari nyingine: inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni, ndiyo maana mswaki hauiondoi. Tufaha (epo) bichi, nanaa mbichi au maziwa ukila nacho hupunguza.

Hatua ya 6: Ukifuata haya wiki mbili bila nafuu

Nenda kwa daktari wa meno kwanza. Akikuta kinywa kizima, ndipo mtafute mafindofindo yenye vijiwe vyeupe vinavyonuka, pua na sainasi (matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso), au kiungulia cha muda mrefu. Mwenye kisukari akitoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, huku ana kiu, anatapika au anahema haraka, ni dharura, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Pumzi yenye harufu kama ya mkojo inaweza kuwa dalili ya figo.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Tanga: Shoga yangu anasugua ndimu na mkaa, meno yamekuwa meupe. Nifuate?

Hapana dada yangu. Tindikali ya ndimu inalainisha ngozi ngumu ya jino na mkaa unaikwangua. Haioti tena. Baadaye meno yataanza kupata ganzi kwa maji baridi.

Kaka wa Mombasa: Ramadhani nifanyeje, na mswaki mchana unaruhusiwa?

Baada ya daku piga mswaki na usafishe ulimi, hapo ndipo penye faida kubwa. Kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku. Mswaki wa mti wanazuoni wengi wanauruhusu kwa aliyefunga. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wanaona ni makuruhu baada ya jua kupinduka. Ukiwa na shaka, muulize shehe wako.

Mwanachama wa Arusha: Meno yangu yana madoa ya kahawia tangu utoto. Ndiyo yananukisha?

Siyo. Hayo ni ya floraidi nyingi kwenye maji mliyokunywa meno yakiwa yanakua, na doa liko ndani ya jino. Halinuki. Jipime kwa kijiko na uzi kama nilivyoeleza.

Mama wa Morogoro: Mwanangu wa miaka mitatu ananuka ghafla, meno yake mazima.

Mama, angalia pua. Kamasi zinazonuka zikitoka tundu moja tu, mara nyingi mtoto amejiingizia ushanga, punje ya hindi au harage. Usichokonoe, utakisukuma ndani. Na kama kuna uwezekano ni betri ndogo ya saa au ya mwanasesere, usisubiri kesho, mpeleke hospitali sasa hivi, kwa sababu inaunguza nyama ya pua ndani ya saa chache.