Bosi akisahau alichokuagiza jana, fanya hivi
Kama una bosi wa kuagiza kazi huku anatembea, yaani mnakutana kwenye korido anakwambia fanya hivi na hivi afu kesho anakuuliza nani kakutuma, usibishane naye kabisa. Ukirudi tu mezani, ndani ya dakika 5 kabla hata wewe hujasahau, mtumie meseji fupi: "Bosi, nimeelewa hivi: ripoti ya kurasa 2, mauzo tu, nikuletee Alhamisi saa 4. Kama kuna mabadiliko nijulishe, naanza sasa." Basi. Usiandike "kama ulivyosema" maana hapo unaonekana unakusanya ushahidi, andika "nimeelewa hivi", na akiwa na wazo jipya (na atakuwa nalo tu) atalitoa mapema kabla hujakesha.

Afu zisomeni saa za mabosi wenu jamani. Wengi wanakuwa wakali kabla ya kikao, wakitoka huko wamelainika utadhani sio wao, kwa hiyo ombi la ruhusa lisubiri hapo.

Na yule ambaye lazima akosoe kitu, hata uandike vizuri vipi atahamisha koma, mpelekee rasimu mapema ikiwa bado mbichi, akosoe akiwa na nafasi, sio dakika 10 kabla ya kutuma halafu wote mnatoka jasho. Mimi hii imeniokoa sana, kazi moja nilikuwa nairudia mara 3, siku hizi mara moja tu na yeye mwenyewe ametulia.