Njiwa mwenye pete ametua kwako: namna ya kuisoma na kumpata mwenyewe

Njiwa akitua karibu na watu na asitake kuondoka, mtazame miguu. Akiwa na pete, huyo ana banda lake na mtu anayemsubiri. Mimi nafuga njiwa wa mashindano, na wa wenzangu waliopotea huwa wanatua kwangu pia. Hivi ndivyo ninavyowashughulikia.

Hatua ya 1: Maji kabla ya simu

Njiwa huyu anaweza kuwa amepeperushwa na dhoruba, amekimbizwa na mwewe, au ni kinda wa mwaka huu asiyeijua njia bado. Kwa vyovyote, ana kiu. Njiwa hunywa kwa kufyonza, mdomo ukiwa umezama majini, kwa hiyo mwekee bakuli lenye kina cha sentimita 3 hivi. Kisha mpe nafaka kavu zisizopikwa: mahindi, mtama, ngano, mchele, njegere kavu. Mkate usimpe. Kama una kuku au njiwa wako, mtenge nao, maana hujui ana ugonjwa gani. Nawa mikono kila ukimgusa.

Wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Hupumzika siku moja au mbili, wakaondoka wenyewe.

Hatua ya 2: Mkamate ikibidi tu

Ukiweza kuisoma pete kwa mbali, au kwa picha uliyoivuta karibu, mwache alivyo. La sivyo, tandaza nafaka hadi ndani ya boksi au chumba kidogo, kisha ngoja giza liingie. Njiwa haoni vizuri gizani, naye hutulia. Mfunike taulo jepesi. Miguu yake ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, na gumba likae juu ya ncha za mabawa mgongoni. Usimbane kifua, kwani ndege hupumua kwa kukipandisha na kukishusha.

Ukiona damu au bawa linaloning'inia, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Aliyeumwa na paka apelekwe siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano, kwa sababu vijidudu vya mdomoni mwa paka huua ndege upesi.

Hatua ya 3: Isome pete yote

Hapa ndipo watu wanapokosea. Wananitumia tarakimu nne za mwisho, na kwa tarakimu nne hakuna anayeweza kumtambua njiwa.

Pete yenyewe haina mwanya. Huvishwa kinda akiwa na umri wa wiki moja hivi, vidole vikiwa bado vinapenya. Mguu ukishakua haitoki tena. Ndiyo maana mwaka ulioandikwa juu yake ndio aliozaliwa. Usiikate kamwe, maana ukiikata umemfutia kitambulisho chake.

Maandishi huzunguka pete nzima, kwa hiyo izungushe taratibu. Pete ya Marekani huweza kusomeka hivi: AU 2023 ABC 1234. AU ni shirikisho, 2023 ni mwaka, ABC ni klabu, na 1234 ni namba ya njiwa mwenyewe. Andika yote, hata mwaka ukiwa umefupishwa kuwa tarakimu mbili. Piga picha kila upande, kwani 6 na 9 hubadilishana kirahisi ukiishika pete kichwa chini.

Mguu wa pili unaweza kuwa na pete ya plastiki yenye chipu. Hiyo ni ya kurekodi muda wa kuwasili mashindanoni, wewe haikusaidii. Pete za rangi zisizo na maandishi ni alama za mfugaji bandani kwake tu. Ila ukikuta pete yenye namba ya simu, au mhuri kwenye manyoya ya bawa ukilifungua polepole, piga moja kwa moja.

Hatua ya 4: Herufi zikupeleke kwenye chama

GB ni Royal Pigeon Racing Association ya Uingereza. SU ni Scottish Homing Union. IHU ni Irish Homing Union. Marekani kuna AU, yaani American Racing Pigeon Union, na IF, shirikisho jingine la wafugaji. CU ni Kanada, NL ni Uholanzi, BELG ni Ubelgiji, DV ni Ujerumani. NPA ni ya Marekani pia, lakini huvishwa zaidi njiwa wa maonyesho, na hao wengi hawana uwezo wa kurudi kwao, usiwaachie.

Toa taarifa kwa chama husika: pete kamili, mahali alipo, hali yake. Mwenyewe anaweza kuja, kutuma msafirishaji, au kukuomba umwachie akipata nguvu. Wapo wasiomtaka tena, na huniuma kila ninapolisikia. Hapo uliza klabu iliyo karibu nawe kama kuna mfugaji wa kumpokea.

Hatua ya 5: Kumwachia

Chagua asubuhi yenye anga safi, isiyo na mvua wala upepo mkali, ili awe na mchana mzima wa kusafiri. Weka boksi mahali pa wazi, mbali na nyaya, ulifunue, usimrushe. Akibaki kwako siku kadhaa ilhali anaruka vizuri, punguza chakula kidogokidogo, maji yaendelee kuwepo. Asipoondoka hata hivyo, mpigie tena mwenyewe.