Somo: Fowili ya petroli inayokunywa kupita kiasi, tuanzie wapi

Assalamu alaikum wenzangu. Somo hili ni la wenye fowili, yaani gari zinazosukumwa na tairi zote nne: RAV4 za mwanzo, Escudo za miaka ya tisini, na Prado na Pajero za petroli, gari ambazo Unguja na Pemba zimejaa. Kila ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayosimamia bei za mafuta, ikitangaza bei mpya za mwezi, simu zinaanza: "Fundi, gari inanimaliza, nibadili injini?" Injini mara nyingi haina kosa. Gari hizi zinazokuja gereji kwa kunywa sana, nyingi zina kitu kilichofungwa kiwandani ambacho mtu amekitoa, au kimekufa na hakuna aliyekitazama.

Kwanza tuwe wakweli. RAV4 ya 2.0 au Escudo ya 1.6 ikiwa nzima, tarajia kilomita 9 hadi 11 kwa lita kwa safari za mchanganyiko. Prado ya 2.7, kilomita 6 hadi 8. Anayetaka 15 anunue gari ndogo kama Vitz.

Hatua ya 1: Pima

"Nimetia ya elfu ishirini, Nungwi sijafika" hicho si kipimo. Mshale wa mafuta wa gari za umri huu hauaminiki. Jaza tangi mpaka bomba la pampu likate lenyewe, usishindilie. Andika kilomita. Tembea kama kawaida yako kilomita 200 au zaidi, kisha rudi sheli ile ile, pampu ile ile, ujaze tena mpaka ikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia: 240 kwa lita 28 ni 8.6. Mafuta ya chupa ya njiani yanaharibu hesabu yote, maana hujui chupa imebeba kiasi gani, wala kilichochanganywa humo.

Na tairi je? Escudo iliyotoka na 195/80R15 ukaifunga 235/75R15, tairi imekua karibu asilimia 6. Dashibodi ikisema kilomita 100, wewe umekwenda karibu 106. Usipolihesabu hilo utailaumu gari kwa mafuta ambayo haijanywa. Ingawa tairi kubwa na nzito nayo inakunywa yake, hilo halikwepeki.

Hatua ya 2: Thamostati ipo?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ugonjwa.

Kuna imani kwamba nchi zetu ni za joto kwa hiyo thamostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini, haina kazi. Ukifuatilia utaona ilivyoanza: mtu anatia kwenye rejeta maji ya kisima, na maji yetu mengi yanapita kwenye mawe ya chokaa, mengine yana chumvi. Baada ya muda rejeta inaziba, gari inachemka. Fundi anatoa thamostati, maji yanapita kwa wingi, gari inaacha kuchemka, fundi anasifiwa. Rejeta iliyoziba imebaki pale pale.

Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi joto 82 hadi 88 hivi. Ikitolewa, ukiwa barabara nzuri ya Paje na upepo unapiga mbele, injini haifiki moto wake. Kompyuta inasoma sensa ya maji, inaona injini bado baridi, inaendelea kuongeza petroli kama vile umewasha gari sasa hivi alfajiri. Oili nayo inabaki nzito. Na baadhi ya Toyota za otomatiki haziingii gia ya juu kabisa mpaka maji yapate moto, kwa hiyo unakwenda safari nzima injini ikilia juu bila kujua sababu.

Kuipima hakuhitaji chombo. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa na ushike mpira wa juu wa rejeta, ukijihadhari na feni. Unatakiwa ubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla upate moto. Ukianza kuwa vuguvugu mara tu baada ya kuwasha, thamostati haipo au imekwama wazi. Rejeta safisha kwanza, weka kuleni (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya kisima, ndipo urudishe thamostati mpya. Ukirudisha bila kusafisha rejeta, gari itachemka, na utasema mimi ndiye niliyekuharibia.

Hatua ya 3: Taa ya injini

Wengine taa ya injini kwenye dashibodi wameitoa balbu ili isiwasumbue. Irudishe. Kwenye nyingi ya RAV4 za mwanzo hapana haja ya mashine ya kusoma makosa: fungua boneti, tafuta kisanduku cheusi chenye kifuniko kilichochapwa majina ya matundu kwa ndani. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha uhesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kusita, hakuna kosa lililohifadhiwa. Namba 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji. Hakikisha majina kabla ya kuchomeka, usiguse matundu mengine.

Sensa ya oksijeni ndiyo inayoiambia kompyuta kama mchanganyiko umezidi petroli. Ikichoka, kompyuta inafanya kazi kwa kukisia, na mara nyingi inakisia kwa kuzidisha. Fungua plagi uzitazame: rangi ya udongo au kijivu ni nzuri, masizi meusi makavu ni petroli inayopotea.

Hatua ya 4: Breki na upepo

Sisi tunaishi na chumvi. Gari zinaingia ufukweni, zinalala karibu na bahari, kalipa (vishikio vya pedi za breki) zinaota kutu na pini zake zinakwama. Gari inakwenda kama mtu aliyekanyagwa kanzu. Ukitoka safari ndefu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko ya upande wake wa pili, hapo breki imeshika. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono uthibitishe.

Upepo wa tairi: fuata kibandiko cha kwenye mlango wa dereva. Tatizo la kwetu ni wale wanaopunguza upepo ili wapite mchangani Bwejuu au Michamvi, wakishatoka wanarudi mjini hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Gia ya fowili

Escudo za wakati ule fowili yake ni ya kuweka na kutoa, haina difu ya kati, ile inayoruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Lami ni 2H (tairi mbili), basi. Ukiiacha 4H (tairi nne) kwenye lami kavu, kila ukikata kona tairi za mbele na za nyuma zinagombana, na unalipia ugomvi huo kwa petroli, tairi na giaboksi. Zile zenye habu (vifungio vya tairi za mbele) za kujifunga zenyewe, ukirudi 2H simama, kisha rudi nyuma mita chache ziachie.

Yaliyobaki nayapita mbio. Eya klina (chujio la hewa) ibadilishe, usiipulize mpaka ikatoboka. Kerea ya juu ya paa isiyo na mzigo ivue. Alaimenti ifanye ukiona tairi inalika upande mmoja. Halafu mguu wako: ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa, nguvu ya upepo unaokuzuia inaongezeka zaidi ya nusu, na fowili hizi zina umbo la kabati. Mahonda hadi Nungwi utawahi kwa dakika chache tu.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi niko Wete, na msimu wa karafuu napakia magunia. Kwenye miteremko natia fri (natoa gia) ili niokoe mafuta. Nafanya sawa?*

Hapana, ndugu yangu. Gari yenye injekta, ukiachia akseleta huku umo ndani ya gia, kompyuta inakata petroli kabisa mpaka injini ikaribie silensa, yaani mzunguko wake wa chini wa kunguruma tu. Ukitia fri, injini inahitaji petroli ili isizime, kwa hiyo unakunywa zaidi. Ya kabureta hesabu yake ni tofauti, lakini hata hiyo usitie: una magunia nyuma, kilima cha Pemba mbele, na breki peke yake. Zikipata moto hazishiki.

*Maalim, kuna fundi ameniambia atoe propela shafti ya nyuma (chuma kinachopeleka nguvu tairi za nyuma) ya RAV4 yangu, iwe ya tairi mbili, itakula kidogo.*

Mwambie aiache. RAV4 za fowili za wakati ule nguvu inapita kwenye difu ya kati muda wote. Ukitoa propela, nguvu inakimbilia upande usio na kitu, na gari ama haitembei ama unaitembeza kwa kuifunga difu au kuiunguza klachi yake. Utanunua giaboksi kwa ajili ya lita moja.

*Nimeuziwa sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta. Inasaidia?*

Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na haikupata hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Kama muuzaji atakurudishia pesa, mrudishie sumaku yake.

*Kiyoyozi au madirisha?*

Mjini, Darajani na Mwanakwerekwe, madirisha. Barabara ndefu, funga madirisha uwashe kiyoyozi, tofauti ni ndogo. Kinachoumiza ni kuegesha nje ya skuli na injini inanguruma kusubiri watoto: karibu lita moja kwa saa, na kiyoyozi kinaongeza.

*Yakhe, Escudo yangu nikijaza tangi inanuka petroli mpaka ndani. Ikishuka nusu harufu inakwisha. Na ulaji umepanda.*

Hilo lisisubiri. Inavuja juu: mpira wa mdomo wa kujazia, au mabomba ya juu ya tangi yaliyoliwa na kutu ya chumvi. Sehemu hiyo haionekani mpaka tangi lishushwe, ndiyo maana mafundi wanakwambia hawaoni kitu. Lishushwe likiwa karibu tupu, mahali wazi, betri imetolewa waya, na asiwepo mtu wa sigara wala wa kuchomelea jirani. Mpaka hapo usijaze zaidi ya nusu, na usiilaze ndani ya banda lililofungwa.