Kuandikisha wanafunzi kwenye kozi za Moodle

Mwanafunzi akilalamika kwamba kozi yake haionekani kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, usikimbilie kumwingiza upya. Tazama kwanza mambo matatu. Akaunti humwezesha kuingia kwenye mfumo, uandikishaji humwingiza kwenye kozi, na wadhifa ndio unaoamua akishaingia atajibu mtihani au atausahihisha. Karibu kila mara kimojawapo kimerukwa, au kozi yenyewe bado imefichwa.

Wakiwa watu wachache, waandikishe kwa mkono. Fungua kozi, ingia "Participants", bonyeza "Enrol users", andika jina au barua pepe kwenye kisanduku cha kutafutia, mchague, kisha hakikisha wadhifa ni "Student". Kabla ya kuthibitisha, fungua "Show more" utazame tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ukiona baadaye mtu ana alama ya "Not current", tarehe yake haijafika au imeshapita. Jina lisipotokea kabisa kwenye utafutaji, huenda tayari ameandikishwa kwa mkono; kama hayumo kwenye orodha, huenda hana akaunti, na hilo linamhusu msimamizi wa mfumo.

Darasa zima liingizwe kwa faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Msimamizi huipakia kupitia "Site administration", "Users", halafu "Upload users". Faili moja hufungua akaunti na kuandikisha kwa mpigo. Mistari yake miwili ya kwanza inakuwa hivi:

username,firstname,lastname,email,course1,role1,group1
ba2025015,Asha,Mfano,asha@example.com,BA101,student,Kundi A

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Kwenye course1 andika jina fupi la kozi kama lilivyo kwenye mipangilio yake. Jina refu halitatambuliwa: akaunti itafunguliwa, lakini mwanafunzi hatakuwa kwenye kozi. Group1 haina shida, kwani kikundi kisipokuwepo mfumo hukiunda wenyewe. Ndiyo maana "Kundi A" na "KundiA" vitakuwa vikundi viwili.

Jina la kuingilia liwe herufi ndogo, bila nafasi. Namba za usajili za vyuo vyetu vingi zina mikwaju (/), na Moodle katika mpangilio wake wa kawaida haiikubali. Ukiacha "Standardise usernames" ikiwa "Yes", BA/2025/015 itageuzwa kuwa ba2025015. Waambie wanafunzi mapema, la sivyo watajaribu kuingia na mikwaju yao hadi wachoke.

Excel nayo hufuta sifuri ya mwanzo: 0045 hubaki 45. Weka safu yenye namba hizo katika umbo la maandishi kabla ya kuijaza, kisha hifadhi faili kama CSV UTF-8. Ukiifungua tena kwa Excel ili kuhakiki, sifuri zitapotea upya. Hakiki kwa programu ya maandishi matupu. Angalia pia kitenganishi, kwa sababu baadhi ya kompyuta huweka nukta mkato badala ya mkato. Ukurasa wa kupakia una sehemu ya kuchagua kinachofaa.

Kosa linalosumbua zaidi liko kwenye "Upload type". Chaguo la "Add new only, skip existing users" humruka kila mwenye akaunti tayari, na akirukwa haandikishwi kozi. Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea chagua "Add new and update existing users", na "Existing user details" iwe "No changes" ili majina na barua pepe zao zisiguswe. Jaribu kwanza kwa mistari mitatu.

Darasa likisoma kozi nyingi kwa pamoja, tengeneza "Cohort" moja, yaani kundi la wanafunzi linaloweza kutumika katika kozi nyingi, kisha katika kila kozi ingia "Enrolment methods" uongeze "Cohort sync", inayoliunganisha kundi hilo na kozi. Anayeongezwa kwenye kundi huingia kozi zote. Anayetolewa kwa kawaida hutolewa kote, kwa hiyo usifute kundi katikati ya muhula.

Kwa kozi za wazi tumia "Self enrolment", ambapo mwanafunzi hujiandikisha mwenyewe, lakini weka ufunguo, yaani neno la siri la kujiandikishia. Bila huo yeyote mwenye akaunti ataingia.

Mwanafunzi aliyeahirisha masomo asiondolewe. Msimamishe kwa kubadili hali yake kuwa "Suspended". Kumwondoa kunafuta alama zake kwenye daftari la kozi. Akirudi, mfumo una chaguo la kujaribu kuzirejesha, ila si la kutegemea. Na kama aliingia kwa njia mbili, kwa mkono na kwa kundi, kusimamisha moja hakumfungii mlango.

Mwalimu apewe wadhifa ndani ya kozi yake tu. Ukimpa "Teacher" kupitia "Assign system roles", ataweza kuhariri kozi zote za chuo na kuona alama za kila mtu.

Ukimaliza, fungua wasifu wa mwanafunzi mmoja, bonyeza "Log in as", uone anachokiona yeye. Kozi isipoonekana ilhali yumo kwenye orodha, rudi kwenye mipangilio yake ubadili "Course visibility" iwe "Show".