Plasta ya fentanili: kubandika, kubadilisha na kuitupa
Plasta hii ina fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu ya jamii ya mofini. Ni ya maumivu makali ya muda mrefu, mara nyingi ya saratani, kwa mgonjwa ambaye mwili wake umeshazoea dawa za jamii hiyo. Asiyezoea asibandikwe, hata ile ya nguvu ndogo kabisa, ya mikrogramu 12 kwa saa: inaweza kumkata pumzi.

Fentanili ina molekuli ndogo inayoyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inapenya tabaka gumu la juu la ngozi. Chini ya hapo hujikusanya kwanza, kisha mishipa midogo huichukua taratibu. Kwa hiyo plasta ya kwanza huchukua saa 12 hadi 24 kufanya kazi vizuri. Katikati hapo mpe dawa ya kumeza aliyoandikiwa. Usimwongezee plasta ya pili.

Bandua ya zamani kabla ya kuweka mpya. Iliyosahaulika mgongoni huendelea kutoa dawa, na dozi mbili zinaweza kuua. Chagua ngozi isiyo na jeraha, bapa, tofauti na ya mwanzo: kifua, mgongo au mkono wa juu. Mgonjwa aliyechanganyikiwa mbandike mgongoni juu, asikofikia. Nywele zipunguze kwa mkasi. Wembe huchubua, na ngozi iliyochubuka hupitisha dawa kupita kiasi. Osha kwa maji matupu, bila sabuni, spiriti wala losheni, acha ikauke kabisa. Kandamiza kwa kiganja sekunde 30, ukihakikisha kingo zimeshika. Andika tarehe na saa. Badilisha baada ya saa 72. Usiikate kamwe.

Joto ndilo hatari inayopuuzwa zaidi. Chupa ya maji moto, jua kali au homa huongeza damu ngozini, na dawa huingia kwa kasi. Homa ikipanda, mpigie daktari siku hiyohiyo. Akisinzia asiamshike, au akipumua polepole mno, bandua plasta na umkimbize hospitali, hata akionekana kupata nafuu: akiba ya ngozini bado inaingia, na kiwango cha damuni huchukua saa 20 au zaidi kushuka nusu.

Plasta iliyotumika bado ina dawa ya kutosha kumuua mtoto akiitafuna. Ikunje upande wa gundi ndani, ifungie mahali asipofika mtoto, uirudishe famasi. Kisha nawa mikono kwa maji.